Mama Dancille, Fundi Anayesikiliza Gari kwa Nyayo

Miaka thelathini na mmoja! Tarehe 30 Juni Mama Dancille Murekatete anakabidhi funguo za gereji yetu ya Mushaki, inayohudumia magari ya wagonjwa kutoka milima ya Masisi hadi misitu ya Walikale. Baadhi yetu tulikuwa bado hatujazaliwa alipoingia hapa. Aliajiriwa kutunza stoo ya vipuri, lakini kila gari lililoletwa alilifuata hadi uvunguni, na baada ya miaka minne mafundi waliokuwa wakimcheka ndio waliokuwa wakimwita.

Sifa yake kubwa ni magari yanayotetemeka. Wengine wakikimbilia kubadilisha matairi, yeye huvua viatu, huviweka mapajani, hukanyaga sakafu ya gari kwa nyayo tupu na kumwambia dereva aende. Mtetemo ukija kwenye sukani, shida iko mbele. Ukija kwenye kiti, iko nyuma. Kisha huanza maswali yake ya ajabu: gari lililala wapi, lilipita wapi, lilibeba nini.

Ndivyo alivyogundua kwamba lori la mteja wetu Papa Shema, lililofika kutoka njia ya Bisie likirukaruka kama lina pepo, halikuwa na ubovu wowote. Tope la Walikale lilikuwa limekaukia ndani ya rimu moja na kulifanya gurudumu lielemee upande. Dakika kumi na kisu cha jikoni, kazi kwisha! Safari nyingine alichomoa kamba ya ndama iliyojisokota kwenye kardani, ule mhimili unaozungusha magurudumu ya nyuma. Mwenye ndama hajajulikana hadi leo.

Lakini kisa tunachokipenda kuliko vyote ni cha gari jipya la wagonjwa, miaka sita iliyopita. Miezi mitatu tu kazini, likaanza kutetemeka kila breki ilipokanyagwa, sukani inacheza, wauguzi wanasafiri roho mkononi. Matairi mapya hayakusaidia kitu. Komite inayosimamia gereji ikaamua gari lirudishwe Goma na dereva wake aachishwe kazi, maana ilidhaniwa aliligonga mahali akanyamaza. Bila gari lile, akina mama wenye uchungu wa kuzaa wangerudia kubebwa kwa machela milimani. Mama Dancille akaomba apewe siku moja.

Akapanda, viatu mapajani, akamwamuru dereva afanye yote anayoyafanya kila siku, asiruke hata moja. Gari likashuka ule mteremko mrefu, breki zikichemka. Chini kuna kijito, na sisi madereva wa huku hatukubali kabisa kuingia Masisi na gari chafu. Dereva akaingiza magurudumu majini moja kwa moja ili aoshe. Mvuke ukapanda, pssss! Mama Dancille akapiga makofi kwa furaha.

"Njo hapa penyewe! Barabara haina kosa, kaka. Iko hii mayi ya baridi njo inakunja madiski!"

Alikuwa sahihi. Diski za breki, zikiwa za moto, zilikutana na maji ya mlimani kila siku hadi zikapinda. Zikabadilishwa, na gari likatulia kabisa. Tangu hapo kila dereva hunywa chai nusu saa kando ya kijito kabla ya kuosha, na mwenye kibanda cha chai anamwombea Mama Dancille maisha marefu.

Komite ilipomuuliza kama madereva waliwahi kuonywa, alijibu kwa utulivu, "Kosa iko yangu, sikubafundisha muzuri." Ikaandikwa hivyo kwenye faili lake, na dereva akabaki kazini.

Dereva yule ni mimi, Nestor Nzabandora, na leo naomba faili lirekebishwe. Kabla gari halijaanza kutetemeka, Mama Dancille alinionya mara mbili nisiingize magurudumu ya moto majini, kwa upole, tukiwa tumesimama mbele ya gurudumu lenyewe. Nilicheka, nikaenda kuosha. Siku ile ya komite niliogopa kufungua mdomo, na aibu hiyo nimetembea nayo miaka sita. Kosa lilikuwa langu.

Ahsante, Mama. Wote wa gereji tunakutakia maharage yenye kuzaa sana, magoti yasiyouma na asubuhi zisizo na honi mlangoni. Baada ya sherehe, gari lile lile litakupeleka nyumbani, na nitaliendesha mimi. Vua viatu kama kawaida yako. Tukifika kwenye mteremko nitakanyaga breki, na nyayo zako hazitasikia kitu.