Vijiti vya Kivuli

Benchi la Bi Birika, muuza kahawa, limeegemea ukuta wa kinyozi, linatazamana na kiwanja cha shule ya sekondari ambacho upande huu hakina uzio. Katikati ya kiwanja imesimama nguzo ya wavu wa mpira, ingawa wavu wenyewe ulishachanika na kusahauliwa. Kila asubuhi wateja ni walewale watatu: Redio, ambaye ndiye kinyozi na habari huzipata kabla hazijatokea; Hakimu, karani mstaafu wa mahakama; na Randa, fundi seremala. Leo kahawa haimshuki Randa. Mfukoni ana fomu ya binti yake ya kuchagua masomo, inatakiwa shuleni kabla ya kengele ya mwisho. Binti amejaza fizikia. Randa anataka kulikata somo hilo.

— Darasa zima vitabu vitano vya fizikia, alilalamika. Watoto kumi wanagombea ukurasa mmoja. Na ile maabara yao mnaijua? Imejaa madawati mabovu mpaka darini. Ninayeitwa kuyagonga misumari ni mimi!

Kengele ikalia. Wanafunzi wanne wakatoka darasani mbio mpaka ilipoishia ncha ya kivuli cha nguzo, wakachomeka kijiti ardhini, wakaandika kitu daftarini, wakarudi. Kila kengele ikilia hufanya hivyo, na hii ni wiki ya tatu.

— Mmeona? Ndiyo fizikia hiyo, Randa akasema. Nikimuuliza binti yangu ananijibu, baba, tunapima kivuli. Kivuli! Sisi wengine tunapima mbao.

— Kivuli ni kisingizio tu, Redio akashusha sauti. Wanapima kiwanja. Shule inauzwa.

— Nani kakwambia? Hakimu akamkata. Nimeandika kesi za mipaka miaka thelathini, sijaona mpimaji anayekimbizana na kivuli. Ule ni ushahidi unakusanywa. Kuna mtu atashtakiwa.

— Nani?

— Bado sijajua. Lakini hapa haponi mtu.

Bi Birika alivunja kijiti gotini, akakisukuma chini ya birika. Moto ukachangamka.

— Nyinyi na kesi zenu, alisema. Wale wanatafuta maji. Kijiti cha mwisho kitakapochomekwa, hapo ndipo patakapochimbwa kisima.

— Maji yasubiri kengele? Redio akaangua kicheko. Nisikilizeni mimi. Kwa nini iwe saa zilezile kila siku? Kuna chombo huko angani kinapita kwa ratiba. Vijiti vinapangwa ili visomeke kutoka juu. Yule mwalimu wao mpya wa fizikia anawaandikia watu wa huko.

— Anawaandikia nini?

— Ningejua, ningekuwa hapa nanyoa vichwa vyenu?

Randa hakucheka. Binti yake ana kichwa chepesi, tangu mdogo kazi yake ni kuuliza, na roho ilimuuma kufikiri kwamba akili yote ile itaishia kufukuza kivuli. Akaipapasa fomu mfukoni. Ndipo alipomwona mwalimu mwenyewe anavuka kiwanja kuja kwao, dada mmoja mwembamba, mikono ya gauni imejaa chaki, daftari kwapani.

— Shikamooni wazee wangu.

— Marahaba, mwalimu. Karibu kahawa.

— Hebu tueleze, Randa akashindwa kujizuia. Hasa hasa mnatafuta nini pale?

— Kitu kidogo tu. Kivuli cha saa nne leo kitaishia palepale kilipoishia cha saa nne jana? Na mwezi ujao je?

Benchi zima likaigeukia nguzo. Miaka kumi na moja wanaitazama.

— Palepale, alisema Redio.

— Hapana, alisema Hakimu.

— Kwa nini hapana?

— Sina sababu. Napinga tu.

Randa alikodoa macho pale kivuli kilipoishia, akajikuta naye anataka kujua. Aliona aibu kidogo kwa jinsi alivyotaka kujua.

— Sasa jibu ni lipi, mwalimu?

— Hatujalipata. Vitabu havitoshi, nikasema basi nguzo iwe kitabu chetu. Lakini kila asubuhi tunakuta vijiti vya jana havipo. Wiki ya tatu tunaanza upya.

— Watoto watundu hao, Bi Birika akasema haraka.

— Na mimi nilidhani hivyo, mama. Ila nina mwanafunzi mmoja mbishi, kaacha kivuli kaanza kuchunguza vijiti.

Akafungua daftari, akasoma:

— "Vijiti hupotea kila siku, isipokuwa siku mbili. Siku hizo mbili muuza kahawa alikuwa mgonjwa."

Redio akakohoa.

— Hajamshutumu mtu, mwalimu akaendelea. Anasema bado ni dhana. Kaniomba niulize swali moja tu. Mwalimu akachomoa kalamu. Hapa moto huwa mnauwasha kwa kitu gani?

Hakimu akachungulia ndani ya kikombe chake. Redio, kwa mara ya kwanza, hakuwa na habari. Wote walikuwa wakimwona Bi Birika akiviokota vijiti vile kiwanjani kila asubuhi, na hakuna aliyeona ubaya. Kipande kimoja kilikuwa bado kimechomoza chini ya birika, kimeandikwa namba tisa, na ubavuni kina mstari mwembamba. Randa aliujua mstari ule. Wembe wa randa yake una pengo, huacha alama hiyo kwenye kila ubao. Wiki tatu zilizopita binti alimwomba mabaki ya mbao, akampa bila hata kumuuliza ya nini.

— Lete hilo daftari, nijaze jibu mimi, alisema.

Mwandiko wa daftarini aliufahamu vizuri. Chini yake akaandika: "Ni sisi. Mmoja wetu ni baba yako." Kisha, kalamu ikiwa bado mkononi, akatoa fomu mfukoni, akaikunjua gotini, akatia sahihi bila kukata kitu.

— Mpelekee, mwalimu. Mwambie kesho saa nne nitakuwa pale kwenye nguzo, nataka kuona kitaishia wapi.

Chini ya birika moto ulikuwa unazimika, na hakuna aliyethubutu kuuongezea kijiti.