Esnath na Sahani za Hoteli ya Baba Yake

Ndugu wachungaji, wazee wa ukoo, majirani wa Nkunga na nyote mliotoka Tukuyu na Isongole, kwa niaba ya familia amesimama mbele yenu Lugano, mtoto wa kwanza wa marehemu, naye anaomba mumvumilie, kwa sababu karatasi aliyoiandika Jumapili siyo hii anayoisoma leo.

Marehemu Esnath Lazaro Mwasyoge alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, Msasani, Tukuyu, akiwa wa kwanza kati ya mabinti wawili wa mzee Lazaro na mama Sekela. Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na kiwanda cha pombe cha familia, ambako mama Sekela aliotesha ulezi, akaukausha kuwa kimea na kupika kimpumu, ile pombe yetu ya kunywa kwa mrija, na kwa faida yake mzee Lazaro alifungua hoteli ya chakula, akaagiza kutoka ng'ambo sahani za kaure nyeupe zenye ukingo wa buluu, katikati zimechorwa mtungi na mirija mitatu. Habari hizi watoto wa marehemu wamezisikia kwa mara ya kwanza juzi.

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1957 hadi 1964, akajifunza ushonaji, na kuanzia 1967 alihudumia meza katika hoteli hiyo, ingawa watoto wake aliwaambia alikuwa akishona tu. Tarehe 12 Desemba 1970 alifunga ndoa na mwinjilisti Emmanuel Mwakyambo wa hapa Nkunga, na Mungu akawajalia watoto wanne, wote wako hapa.

Mama Sekela alifariki mwezi Agosti 1976, na hapa ndipo kalamu ya Lugano ilipogoma. Marehemu alitusimulia mara nyingi jinsi alivyomwosha mama yake kwa mikono yake mwenyewe. Lakini juzi, kabati lilipofunguliwa kutafuta vyombo vya wageni, mama mdogo Beatrice alishika sahani moja, akakaa chini, akasema, "Hizi ni za hoteli ya baba. Tulizigawa siku tuliyomzika mama, kila aliyepika akaondoka na yake. Dada hakuja."

Lugano alimjibu taratibu kwamba marehemu ndiye aliyemwosha bibi.

"Nilimwosha mimi, mwanangu. Msibani pale pombe ilikuwa inanywewa, naye alikuwa mke wa mwinjilisti. Tulimngoja mpaka udongo ukaisha."

Baba yetu alitangulia mwaka 2009, hivyo hayupo wa kuulizwa kama alimkataza, au kama alijizuia mwenyewe. Familia ilikaa jana kutwa nzima, wengine wakitaka jambo hili lifunikwe, mwisho ikakubaliana yasomwe yote mawili, kwa kuwa hatuwezi kumwita mama yetu mwongo wala mama mdogo.

Tunalolijua kwa macho yetu ni kwamba tangu mwaka 1979 marehemu alizitafuta sahani hizo kila alipokwenda, arusini na misibani, akitoa kuku, kitenge au sahani mpya sita ili apewe moja kuukuu, na Atupele, binti yake, hajasahau aibu ya arusi ya Isongole mwaka 1994, mama yake alipomwomba mwenyeji sahani ambayo bado ilikuwa na wali. Tulipouliza, alisema ni mali ya misheni. Aliziosha kila Jumamosi, na hakuna aliyewahi kulia chakula humo.

Mwaka 2021 aligundulika kuwa na kisukari, mwezi uliopita figo zikachoka, akalazwa. Siku moja kabla ya kufariki alimwambia Atupele, "Watakaonizika wale kwenye zile sahani. Wakimaliza, waondoke nazo." Atupele alidhani ni homa, akamuuliza kwa nini basi alihangaika kuzikusanya miaka yote hiyo, naye akasema, "Wewe fanya tu," akaomba maji. Alifariki Jumapili tarehe 9 Juni 2024, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliolala nasi, akina mama wa kwaya aliowashonea sare, pamoja na mzee Khalidi, mfanyabiashara wa Msasani, aliyemtafutia sahani saba bila kumuuliza ni za nini.

Sahani ziko sitini na tatu, nasi tu wengi, hivyo tutakula kwa zamu, na atakayemaliza asiirudishe jikoni, aende nayo nyumbani. Mchungaji ameridhia. Wa kwanza kupakuliwa atakuwa mama mdogo Beatrice.

Pumzika kwa amani, mama. Hatujakuelewa, lakini tutafanya ulivyosema.