Nani Alikula Mwisho wa Kifaranga

Benchi langu la kahawa liko hapa Bunda, ukutani kwa fundi Rashidi, na wanaume wanaokaaga hapo wanajua kila kitu isipokuwa saa ya kwenda shamba. Rashidi anashona, tunamwita Waziri. Keraryo anaziba pancha za baiskeli, huyo ni Profesa. Hamduni anauza mitumba tangu tuambiwe biashara ruksa, huyo ni Redio, maana hazimwi. Asubuhi hiyo habari zimefika: Dar wamekubali kuchapa kitabu cha watoto cha Mwalimu Wenceslaus, kile cha kifaranga, kilichokosa karatasi miaka ya shida. Ila daftari la mwisho hamna, na Mwalimu mwenyewe kiharusi kimemfunga mdomo na mkono. Binti yake Lukresia anazunguka mji mzima kutafuta anayejua hadithi iliishaje. Dar wamempa mpaka Ijumaa, la sivyo basi tena.

Waziri: Mwisho naujua mimi. Nilikula karanga zake.

Profesa: Umekula mwisho?

Waziri: We hukumbuki? Mama Wegesa huyu alifungia karanga lile daftari. Mimi karatasi yangu ilisema kifaranga amepanda pantoni Kisorya kumfuata mama yake Ukerewe, akakamatwa. Hana kibali cha kusafirisha kuku.

— Nilifungia kweli, nikasema. Mwalimu alinipa mwenyewe, siku sabuni ilipofika. Na mimi maandishi na nyayo za kuku naonaga sawa tu.

Profesa: Kukamatwa ni katikati, Waziri. Mimi nilikula kurasa nne. Kifaranga anahojiwa, anajibu Kiingereza, wanamwachia. Mwisho anarudi jogoo mzima, anakuwa diwani. Wahenga walisema, mficha uchi hazai.

Waziri: Uchi unaingiaje hapo?

Profesa: Unaingia. Wewe shona.

Redio: Nyie mnakulaga karanga tu, hamchambui. Kifaranga ni serikali. Mama yake ni mkopo wa Wazungu. Ndo maana Mwalimu alinyimwa karatasi.

Waziri: Na mimi nilinyimwa uzi. Suruali zangu nazo zilikuwa siasa?

Redio: Suruali zako zilikuwa hujuma.

Nikawamiminia, wasije wakapigana midomo mikavu.

Redio: Halafu jiulizeni. Mtu mzima, na akili zake, miaka ishirini anaandikia watoto! Anawaheshimu wa nini? Alikuwa anaficha kitu. Ule ukurasa wa mwisho ulikuwa ramani.

Profesa: Ya nini?

Redio: Dhahabu ya Mjerumani. Iko Mugeta.

Waziri: Nani sasa alikula ramani?

Wakageuka wote wawili kumtazama Profesa, maana mwaka ule alinunua baiskeli.

Profesa: Baiskeli ni jasho langu! Haba na haba, mwenda tezi na omo!

Ndipo Lukresia akatokea, vumbi mpaka magotini, kadaftari mkononi.

— Shikamooni.

— Marahaba! Kaa, mwanangu, andika!

Wakammwagia vyote pamoja: diwani, mkopo, dhahabu. Waziri akampa na kibali cha kuku. Binti wa watu kalamu kaishika tu, hajaandika hata nukta.

— Asanteni wazee wangu, akasema. Lakini baba alikuwaga hamalizi hadithi bila kuwasomea watoto wa hapa. Wakipiga miayo, anafuta. Wakicheka, anaacha. Sasa huu mwisho, alimsomea nani?

Waziri akashika sindano, haitafuti tundu. Profesa akainama kwenye gurudumu lisilo na pancha. Redio akaanza kukunja mitumba iliyokwisha kukunjwa.

Nikaona aibu itaniua.

— Hakumsomea mtu, mwanangu. Siku ile sabuni ilikuwa imefika duka la ushirika, baada ya miezi mitano. Watu wote walikuwa foleni, na watoto tumewapanga watushikie nafasi. Baba yako alikuja na daftari lake, kavaa shati la kusomea, akanikuta peke yangu nafungasha birika nikimbie.

— Akasema nini, bibi?

— Akaniambia, mama, leo nimemaliza, kaa basi wewe unisikilize. Nikamwambia, Mwalimu, hadithi haifui nguo.