Gari la Wenye Kifua Kikuu

Waliokuwapo kando ya mgonjwa ni wapwa wake wawili, watoto wa dada yake: Gresham Muhiye, katibu wa zahanati ya Mthunguli, na Esnart Muhiye, muuguzi, kisha Lutiya Mkwapatira, dereva. Mgonjwa mwenyewe, Mzee Dyson Nakhumwa, mwenyekiti wa zahanati hiyo, alilala mkekani, tumbo limemvimba kwa ugonjwa wa ini, akamtazama kila mmoja kabla ya kunena.

“Sikilizeni, wapwa zangu. Kwetu urithi hushukia kwa watoto wa dada, basi zahanati hii ni yenu, na aibu yake ni yenu. Serikali ile ya ng'ambo ilipotupa gari, niliusoma mkataba wote, nikatia sahihi kila ukurasa: gari libebe wenye kifua kikuu tu, akionekana mwingine ndani, msaada ukatwe. Mkono mtupu haulambwi, nami nilikuwa na wagonjwa arobaini wanaotema damu, wasio na dawa. Leo alfajiri mkaniletea habari ya Emmeline Namalima, mjamzito, mtoto amekingama tumboni, nikasema mkataba ni mkataba, mkampakia kwenye baiskeli aende hospitali ya Phalombe. Tangu hapo sijameza hata uji. Lutiya, mfuate.”

“Mjomba, wakaguzi wanakuja Ijumaa,” Gresham alisema. “Wale husoma kilomita za gari kabla hata ya kusalimia watu.”

“Mwandikeni daftarini kuwa ana kifua kikuu.”

Esnart aliguna. “Wewe, Mjomba? Uliyenirudishia daftari zima kwa herufi moja iliyokosewa ya jina la mtu?”

“Mimi. Miaka yote sikuandika uongo, na ukweli wangu ndio uliompandisha baiskeli. Wakigundua, watakata dawa, na wale arobaini watakufa kwa mkono wangu. Msipoandika, atakufa huyu. Njia ya tatu nimeitafuta, sikuiona; nguo ya kuazima haisitiri maungo.”

“Haya, Mzee,” Lutiya alisema, funguo mkononi, “nikisimamishwa njiani, mjamzito akohoeje?”

“Kohoa wewe. Nenda!”

Gari likanguruma, likatoweka.

“Shamba la mtoni ni la Esnart... mizinga ya nyuki, ya Gresham. Msigombane. Kaburi langu msilitie saruji. Mungu awape kilicho chenu wenyewe, hata kiwe... hata kiwe kidogo...” Sauti ilikatika, midomo ikaendelea.

Lutiya aliikuta baiskeli imelazwa kando ya daraja. Emmeline Namalima alikuwa amekwisha kufa.