Nyasi za Mama Mitaro

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka fundi wa mitaro ya mashambani, mwanamke ambaye hata wanawe wa kuwazaa walimwita Mama Mitaro. Ametutoka akiwa na miaka sitini na minane.

Mitaro ya zamani mnaijua. Imenyooka kama rula, kingo wima. Mvua ikija maji yanakwenda mbio, kingo zinabomoka, na kila mwaka mnachimba upya. Mama Mitaro alichoka na kazi hiyo ya bure. Akashinda wiki nzima kijitoni, buti zimejaa tope, akipima kwa kamba. Akarudi na jibu: mfereji mwembamba katikati, na kila upande kibaraza kipana cha nyasi. Maji yakiwa machache, yanapita katikati. Yakizidi, yanapanda kibarazani na kupunguza mbio. Nasema tena: katikati mfereji, pembeni nyasi.

Lakini nani angetoa ardhi yake iote nyasi? Alimwendea kaka yake mkubwa, mkulima wa mahindi, akamwomba hatua nne kila upande wa mtaro. Kaka mtu alikubali shingo upande, mtaro ukachimbwa na nyasi zikapandwa, kisha akamnunia msimu mzima. Alimwambia wazi kwamba mahindi yakienda na maji, asikanyage tena kwake.

Mvua ikanyesha siku tatu mfululizo. Mitaro ya majirani ilibomoka. Wa kaka haukupoteza hata bonge moja la udongo.

Sasa sikieni vituko. Kaka, kwa furaha, akamwalika dada yake aje kutazama. Na kwa kumheshimu mgeni, akafyeka nyasi zote za vibarazani, akang'oa hadi mizizi, akafagia, pakang'aa! Dada alipofika alikaa chini, akacheka mpaka machozi.

"Kaka yangu, umeuvua mtaro nguo."

Wakazipanda nyasi upya, wao wawili, kwa mikono.

Juzi tulimzika. Vijana walishika mafyekeo wapitishe jeneza njia ya mkato, kandokando ya mtaro ule. Kaka yake, sasa mzee wa miaka sabini na mitano, akawazuia.

"Hizo msiziguse. Tutazunguka."

Tukazunguka sote, shamba zima, na jeneza begani.

Kwa kaka, wana na wajukuu: poleni sana, msiba huu ni wetu pia. Nanyi wasikilizaji wapendwa, kila mmoja ajiulize kimoyomoyo: ndugu yangu aliponiomba hatua nne, nilimjibu nini?