Jawad bin Fahd, Aliyeosha Magamba Mara Tano

Marehemu Jawad bin Fahd bin Hamood alizaliwa Chake Chake tarehe 9 Aprili 1962, mtoto wa tatu wa Mzee Fahd na Bi Bimkubwa. Wenziwe wa utotoni wanakumbuka kuwa alinawa mikono mpaka sinia likaisha.

Alisoma Chake Chake, Unguja na Dar es Salaam, akahitimu kemia ya bahari nchini Norwe mwaka 1994. Aliporudi, mama yake alitaka kujua kasomea nini. Akamwonesha kwa hadubini magamba ya vidudu vya baharini, madogo kama chembe za chumvi, yaliyotolewa kwenye tope la chini ya bahari. Kila kidudu huishi wiki chache, akaeleza, na gamba lake hubaki na alama ya joto la maji ya wakati ule. Ukilipima utajua bahari ilikuwaje, kaskazi au kusi, hata miaka elfu nyuma.

"Kumbe mwanangu kenda Ulaya kusomea kuosha mchanga!"

"Na kuosha ndiyo kazi yenyewe, mama."

Mwaka 1997, huko Gombani, alimuoa Bi Zuweina binti Soud, mwalimu wa kemia.

Alitumikia kituo cha utafiti miaka ishirini na nne. Kila gamba aliliosha mara tano, kwani tope lina magnesiamu, ile ile inayopimwa gambani kujua joto. Likibaki kidogo tu, kipimo hudai bahari ilikuwa ya moto kuliko kweli. Mwaka 2018 mkuu wake, Dk. Talib Yussuf, alikuwa na haraka ya ripoti.

"Shehe Jawad, unaosha magamba au unaosha maiti? Mara moja yatosha!"

"Hata maiti haoshwi nusu, Daktari."

Magamba yakaoshwa bila yeye, mara moja tu, na marehemu alikataa kutia saini. Ripoti ilitoka kwa jina la Dk. Talib peke yake. Wataalamu walipolikataa joto la ripoti kuwa limezidi, Dk. Talib aliandika kuwa muoshaji alikuwa Jawad. Februari 2019 marehemu aliachishwa kazi, na barazani akaitwa Mzee Matope, yeye mjukuu wa Hamood.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022. Mkewe alipeleka magamba yaliyohifadhiwa nyumbani kwenye maabara ya nje, nayo ikaomba kituoni mabaki ya magamba ya ripoti. Majibu yalifika kwa barua tarehe 5 Mei 2025: magamba ya Jawad ni safi, na joto lake ni lile lile la daftari lake. Ya ripoti yana tope. Marehemu alisomewa kitandani, akasema, "Isomwe watu wakiwa wengi." Barua imechapwa nzima ukurasa wa nne wa kijitabu hiki.

Alifariki Ijumaa, 16 Mei 2025, baada ya Alasiri. Ameacha mjane, watoto wawili, Aseel na Widad, na mjukuu mmoja.

Aliyekosewa na marehemu, familia inamtaka radhi. Naye marehemu amewasamehe wote waliomkosea, isipokuwa mtu mmoja. Mkewe alimuuliza mara mbili, jibu halikubadilika. Dk. Talib ametuma salamu kuwa atahudhuria hitima hii; amewekewa nafasi mstari wa mbele.

Mola ampe Jawad utulivu wa kaburi. Msamaha wake asiombwe mjane. Una mwenyewe, na aliondoka nao.