Mama Kausha Aaga Wodi ya Moyo, Figo Zapumua

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, zaidi ya nusu yake akiwa mkuu wa wodi ya moyo, daktari bingwa wetu anastaafu rasmi siku ya mwisho ya mwezi huu. Mlangoni pa ofisi yake pana kibao chenye jina lake kamili na shahada zake zote, lakini sijapata kumwona mtu akikisoma. Wauguzi, wafagizi, wagonjwa na hata mumewe humwita Mama Kausha. Jina hilo alilipata kwa jasho lake, au tuseme kwa maji ya watu wengine.

Kamati ya sherehe imeniomba wasifu huu niuandike mimi, daktari wa figo. Mwanzoni nilidhani wamekosea mlango, maana paka haombwi kumsifu mbwa. Wakanieleza kwamba kwa kuwa nimegombana naye kuliko mtu yeyote hospitalini hapa, bila shaka mimi ndiye ninayemjua zaidi. Nikachukua kalamu.

Kwa wenzetu wa idara nyingine, ugomvi wetu ulikuwa hivi. Moyo ukichoka hausukumi damu inavyotakiwa, na maji hubaki mwilini. Miguu huvimba, tumbo hujaa, na mgonjwa hulala ameketi kwa sababu akijinyoosha pumzi zinamkatika. Kazi ya Mama Kausha ni kuyatoa maji hayo kwa dawa ya kukojoza. Kazi yangu ni kuzilinda figo zinazoyatoa. Sasa, wagonjwa wengi wa moyo wakishalazwa, figo nazo huanza kulegea. Hapo yeye huvutia kwake nami nikavutia kwangu, na kamba yenyewe ni binadamu.

Alifika hapa akiwa daktari mdogo, mwembamba, mwenye sauti ambayo hadi leo haihitaji kipaza sauti. Alikwenda masomoni, akarudi bingwa, na tangu siku hiyo chumvi haikupata amani. Ndugu wa mgonjwa akija na chakula, Mama Kausha hufunua bakuli, hunusa, kisha hulifunika taratibu kama aliyeona msiba. Mumewe, mwalimu mstaafu, anatuambia kwamba hata nyumbani kwao chumvi hukaa rafu ya juu kabisa, na yeye mume ndiye mfupi wa nyumba ile.

Maji nayo aliyalinda vivyo hivyo. Mzee mmoja aliyewekewa kipimo cha kunywa alificha chupa ndani ya mkono wa koti lake lililoning'inia ukutani. Mama Kausha alipopita asubuhi, koti lilikuwa likidondosha maji sakafuni. Hakumgombeza mzee. Alimgeukia muuguzi kwa uso mkavu kabisa, akaagiza koti nalo liandikiwe dawa ya kukojoza. Mzee alicheka hadi tukaogopea moyo wake.

Lakini wodi ile si mahali pa vichekesho tu, na heshima ninayompa haikutokana na koti. Ilitokana na fundi viatu mmoja.

Fundi yule aliletwa na binti yake akiwa amevimba hadi mapajani. Alikuja pekupeku, maana katika viatu vyote vilivyokuwa kibandani kwake hakikupatikana hata kimoja kilichomwingia. Mama Kausha akamwanzishia dawa. Siku mbili za kwanza mkojo ulitoka kidogo tu, miguu haikupungua, na majibu ya damu yakaonyesha figo zinazidi kudhoofika. Nikaitwa. Nikasema dawa isimamishwe mara moja kabla figo hazijafa. Yeye akasema dawa iongezwe. Tukabishana kwenye korido, nje ya mlango uliokuwa wazi. Fahali wawili walikuwa koridoni na nyasi zilikuwa kitandani zikisikiliza kila neno.

Binti akatoka. Alitusalimia kwa adabu, akangoja tunyamaze.

"Madaktari wangu, baba ninaye mmoja," akasema. "Mmoja wenu anataka akaushwe, mwingine anataka aachwe. Mimi nimsikilize nani?"

  Mama Kausha akamshika binti mkono, akanivuta na mimi kwa koti, tukaingia wote watatu. Akamwomba fundi ageuze uso, akatuonyesha mshipa wa shingo uliotuna kama kamba hadi chini ya sikio. Akabonyeza mguu, kidole kikaacha shimo. Akaeleza kwamba damu imejaa nyuma ya moyo, imerudi hadi kwenye figo na kuzibana, ndiyo maana hazichuji.

"Figo zake hazijakauka, mwanangu. Zimezama," akamwambia. "Aliyezama hutolewa majini kwanza. Nikiwa nimekosea, nitakuja kukuambia mimi mwenyewe, simtumi mtu."

Mimi sikushawishika moja kwa moja, lakini mshipa ule niliuona kwa macho yangu. Tukakubaliana dawa iongezwe, damu ipimwe asubuhi na jioni, na nikisema basi iwe basi. Kuanzia hapo hakwenda kula. Alizunguka kitanda kile kama kuku mwenye mayai, mara amepima presha, mara ametazama chupa ya mkojo iliyokuwa haina kitu.  Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba mtu mwenye sauti ile naye huogopa.

Alasiri fundi akaomba chupa. Baada ya muda akaomba nyingine. Kufikia kesho yake wauguzi walikuwa wakipokezana, na fundi mwenyewe akaanza kuona aibu na kuomba radhi kwa usumbufu. Mama Kausha akamwambia hajawahi kupewa zawadi nzuri kama ile. Majibu ya figo yakaacha kuharibika, kisha yakaanza kurudi kwenye hali nzuri. Fundi aliondoka kwa miguu yake, akiwa na viatu.

Mtu mwingine angenitambia. Yeye alikuja ofisini kwangu, akakaa bila kukaribishwa, akaniomba tuwe tunapita wodini pamoja, ili tusije tukamgawana mgonjwa tena mbele ya mtoto wake. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa mzunguko wa pamoja wa moyo na figo, ambao leo wageni huja kujifunza. Ni kwa ajili yake kila anayelazwa kwa ugonjwa wa moyo hupimwa figo siku ileile ya kwanza, na hupandishwa mizani kila asubuhi kabla ya chai.

Isidhaniwe kwamba kila mara alikuwa sahihi. Wasifu huu unaandikwa na mtu wa figo. Alikuwepo bibi mmoja, muuza mboga, ambaye uvimbe wake ulishaisha lakini Mama Kausha akaendelea kumkausha kwa mazoea. Bibi akawa akisimama anaona kizunguzungu, na figo zikaanza kulalamika. Nilipomweleza Mama Kausha, alikwenda kuutazama mshipa wa shingo, akaona hautuni tena. Akasimamisha dawa palepale, akamwomba bibi radhi mbele ya wodi nzima, kisha akammiminia maji kwa mkono wake mwenyewe. Wauguzi walisimama vinywa wazi, kama waliomwona paka akimlisha panya.

Si wote waliotoka kwa miguu yao. Wapo ambao moyo na figo vilikataa pamoja, na hakuna bingwa aliyeweza kitu. Kwa hao, Mama Kausha aliketi na ndugu zao kwenye benchi bila kutazama saa, na kwa mara chache maishani mwake aliongea kwa sauti ya chini.

Mwezi uliopita alianza likizo yake ya mwisho, na matroni akampiga marufuku kukanyaga wodini. Alitii. Siku ya pili akaonekana langoni saa za kuona wagonjwa, amekaa foleni na ndugu za wagonjwa, kapu la matunda mapajani. Mlinzi alipomuuliza anamtembelea nani, alimwonyesha kapu tu. Akaishia kuniita mimi, na swali lake la kwanza lilikuwa majibu ya figo za mama wa kitanda cha dirishani. Nilimpa. Yalikuwa mazuri. Akagawa matunda, akaenda zake akiwa na furaha.

Dada yetu, asante kwa kila pumzi uliyomrudishia mtu, na kwa kila ubishi ulionifanya nitazame mara ya pili. Upate mapumziko marefu, afya tele, na mume atakayeruhusiwa walau chembe ya chumvi. Sijui nitabishana na nani sasa. Ukitukumbuka, usione haya, njoo. Saa za kuona wagonjwa unazijua.